Seinfeld, “The Chinese Restaurant”: njaa, simu na meza isiyopatikana

Sehemu hii ya mwaka 1991 ya Seinfeld, tamthilia ya vichekesho ya televisheni ya Marekani, inawafuata Jerry Seinfeld na rafiki zake George Costanza na Elaine wakisubiri meza. Haitoki nje ya mlango wa mgahawa wa Kichina, na muda wake unakwenda sambamba na saa ya mtazamaji. Mhudumu ana jibu moja: dakika tano, kumi. Utamu wenyewe uko kwenye simu ya kulipia. George anaisubiri huku wengine wameing'ang'ania. Mpenzi wake anapopiga, mhudumu anaita “Cartwright” badala ya Costanza, na hakuna anayeitika! Elaine anaahidiwa dola 50 akila chakula cha meza ya watu. Anaishia kuwanong'oneza mpango usioeleweka. Kramer, rafiki yao mwingine, hayumo, pengo kidogo. Wakishatoka tu, jina la Seinfeld linaitwa.