Kwa miguu katika njia ya Kumano Kodo, Japani

Nilitembea bila kiongozi katika njia ya Nakahechi, mojawapo ya njia za hija za Kumano Kodo katika rasi ya Kii, zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004, kutoka Takijiri hadi hekalu kuu la Hongu la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, mwendo wa takriban kilomita 38. Sikupotea hata mara moja, kwa kuwa kila baada ya mita 500 kuna kigingi chenye namba.

Kilichonigusa zaidi ni vihekalu vidogo viitwavyo oji: kando ya vingi vyake kuna kisanduku cha mbao chenye muhuri na wino, nami niligonga muhuri katika kijitabu changu kwa vidole vilivyolowa mvua. Jioni, mama mwenye nyumba ya wageni alipokea viatu vyangu kwa mikono miwili, akavijaza magazeti ili vikauke.

Kampuni iliyonipangia safari ilinikosea mara moja tu, pale begi langu lilipofika usiku ilhali nilikuwa nimelipia lifike kabla ya jioni. Mawe ya mteremko huteleza mno, hivyo fimbo ni ya lazima.