TAHADHARI: Wanaouza "ukaguzi wa kitaalamu" wa programu za AI bila kukagua chochote

Kama umetengeneza programu kwa zana za AI kama Cursor, Lovable, Bolt au Replit na sasa unatafuta mtaalamu aipitie kabla hujaiweka hewani, soma hapa kabla ya kulipa. Wapo wauzaji wanaojiita wakaguzi wa msimbo wa AI ambao kazi yao yote ni kuendesha skana ya bure (programu ya ukaguzi wa kiotomatiki), kubandika nembo yao juu ya matokeo, na kukutumia PDF nene pamoja na cheti cha "salama 100%". Mkaguzi wa kweli hatoi cheti cha namna hiyo. Anakuandikia alikagua toleo lipi, aligusa sehemu zipi na zipi hakuzigusa.

Ripoti feki utaitambua kwa yaliyomo. Ndani utakuta matokeo ya npm audit, alama za Lighthouse, daraja la SSL Labs, na vichwa vya HTTP vilivyokosekana (maelezo ambayo seva hutuma pamoja na ukurasa) vikiwa vimepewa jina la "hatari kubwa". Vyote hivyo unavipata mwenyewe bure ndani ya dakika chache. Si kwamba havina maana. Shida ni kwamba havifiki mahali programu hizi zinapovujia.

Zinavujia kwenye ruhusa. Orodha ya mwaka 2021 ya OWASP, shirika la usalama wa programu, iliweka udhaifu wa udhibiti wa ruhusa namba moja, na zana za AI huangukia humo kirahisi mno. Ukiiagiza ionyeshe ankara za mteja, inaandika msimbo unaohakikisha mtu ameingia kwenye akaunti, lakini hauhakikishi kwamba ankara ni yake. Skana ikiingia kwa akaunti ya mteja na kuomba ankara yake namba 41, seva inajibu 200, yaani "sawa". Ikiomba namba 42 ya mtu mwingine, seva inajibu 200 vilevile, na skana inaandika hakuna tatizo kwa sababu haijui ankara ni ya nani. Anayeweza kujua ni mtu aliyekuuliza. Kwa hiyo dalili ya kwanza ya tapeli ni kwamba hana maswali. Anapokea malipo na kiungo cha programu, haulizi una aina ngapi za watumiaji, nani anaruhusiwa kufuta, nani anaona malipo ya nani, wala nini kinatokea mfanyakazi akiondolewa kwenye timu. Bila majibu hayo hana cha kukagua.

Jipimie mwenyewe kwanza. Fungua akaunti mbili, A na B, kwenye vivinjari viwili tofauti. Ukiwa ndani ya A, fungua kichupo cha Network kwenye zana za msanidi za kivinjari, chukua ombi linaloleta kitu cha A, badilisha namba ya utambulisho iwe ya kitu cha B, kisha litume tena. Data ya B ikirudi, umepata shimo ambalo PDF haikulitaja. Kwa wanaotumia Supabase (huduma ya hifadhidata), uliza jedwali moja kwa moja kwa ufunguo wa anon, ule wa umma unaokaa ndani ya programu:

curl "https://MRADI.supabase.co/rest/v1/profiles?select=*" -H "apikey: UFUNGUO"

Ukirudishiwa taarifa za watumiaji wote, ama RLS (kanuni za hifadhidata zinazoamua nani aone rekodi zipi) haijawashwa, ama sera yake ni using (true), yaani inaruhusu kila mtu. Udhaifu uliosajiliwa kwa namba CVE-2025-48757 ulihusu jambo hilihili: miradi iliyozalishwa na Lovable ikiwa na sera za RLS zisizotosha. Na usiishie kwenye kusoma. Sera inayomruhusu mtu kurekebisha wasifu wake mwenyewe humruhusu pia kubadilisha safu ya role iwe admin, kama safu hiyo imo kwenye jedwali hilohilo na haikuzuiwa. Hili hupita hata kwa wakaguzi wenye nia njema lakini wenye haraka.

Kuna kundi la pili, wanaokuja kwa vitisho. Unapokea ujumbe kwamba "ufunguo wako wa API uko hadharani", una picha, na unadai malipo ndipo uambiwe zaidi. Angalia ni ufunguo gani. Ule wa usanidi wa Firebase unaoanza na AIza, au anon na sb_publishable_ za Supabase, umeundwa ukae kwenye kivinjari. Kinacholinda data ni Security Rules za Firebase au RLS ya Supabase. (Hata hivyo, uwekee mipaka ule wa AIza kwenye Google Cloud usitumike kwa huduma nyingine.) Wa kukushtua ni service_role na sb_secret_ za Supabase (zinazopita RLS), sk_live_ ya Stripe, na funguo za OpenAI zinazoanza na sk-. Hizi hufika kivinjarini kwa njia inayojirudia: programu inashindwa kusoma ufunguo, AI inaongeza VITE_ au NEXT_PUBLIC_ mbele ya jina lake, kosa linaondoka, na siri inafungashwa ndani ya JavaScript inayoshushwa na kila mgeni. Baada ya npm run build, tafuta:

grep -rE "sk_live_|sk-proj-|sb_secret_" dist

Kwa Next.js weka .next/static badala ya dist. Ufunguo wa service_role wa mtindo wa zamani ni JWT (tokeni ya maandishi marefu yaliyosimbwa), hautaonekana kwa jina. Tafuta maandishi yanayoanza na eyJ, kisha usome sehemu yake ya kati kwenye kompyuta yako mwenyewe, kamwe si kwenye tovuti ya mtu.

Wengine huchukua msimbo wako, wakaumimina kwenye AI, na kukuuzia jibu lake kama lilivyo. Ukiliona pendekezo kama "imarisha uthibitishaji wa data" bila faili wala mstari, dai vitu vinne kwa kila kasoro: jina la faili, namba ya mstari, namba ya commit (toleo la msimbo lililohifadhiwa kwenye Git), na hatua za kuirudia. Kisha hakiki chache kwa git show COMMIT:njia/ya/faili. Ripoti za aina hii hutaja faili na vitendaji visivyokuwepo kabisa kwenye mradi.

Kabla ya kumpa kazi nzima, mtegee. Kwenye nakala yenye data ya kubuni, panda makosa matatu: njia moja ya API isiyoangalia mmiliki, webhook ya Stripe (njia inayopokea taarifa za malipo) isiyohakiki saini ya Stripe-Signature, na ufunguo bandia ulioingizwa kwenye commit ya zamani kisha ukafutwa kwenye faili tu. Mkaguzi mzuri anaweza kukosa moja. Anayekosa yote matatu akarudi na vichwa vya HTTP hakuusoma msimbo.

Hatari kubwa kuliko pesa ni ufikiaji. Usimpe .env (faili yenye siri za programu), anahitaji .env.example yenye majina bila thamani, na mazingira ya majaribio. Kwenye repo (hifadhi ya msimbo) ya akaunti binafsi ya GitHub, mshirika unayemwongeza anapata uwezo wa kuandika, hakuna ngazi ya kusoma tu. Weka repo chini ya organization umpe Read, au mtumie git bundle (faili moja yenye repo nzima), ukikumbuka kwamba inabeba historia yote, hivyo funguo zilizowahi kuingia humo zibadilishwe kwanza. Na akikuambia usakinishe "kifaa chake cha ukaguzi" kwa npm install, kataa. Hati ya postinstall, inayojiendesha mara kifurushi kinaposakinishwa, huendeshwa kwa haki zako zote, inaweza kusoma .env na ~/.ssh kabla hujaona chochote kwenye skrini.

Kama umeshatoa ufikiaji, mwondoe kwanza, halafu pitia kwenye GitHub Deploy keys, Webhooks na mabadiliko kwenye .github/workflows, maana kumwondoa hakuondoi alivyoacha. Fuata na wanachama wa akaunti ya kuhifadhi programu. Kisha badilisha nenosiri la hifadhidata na funguo za malipo, barua pepe na AI. Kwa funguo za zamani za Supabase, kubadilisha siri ya JWT kunabadilisha anon pia na kuwatoa watumiaji wote kwenye akaunti zao, kwa hiyo jiandae kutoa toleo jipya lenye anon mpya mara tu baada ya kubonyeza.