Helikopta ya rimoti mjini Goma: rota mbili au rota moja?
Helikopta ya rota mbili (seti za mapanga yanayoiinua) zinazozunguka kinyume juu ya mhimili mmoja hutulia yenyewe hewani wala haidai maandalizi mengi, ila upepo mdogo wa Ziwa Kivu huisukuma, kwa hiyo hurushwa vyema ukumbini.

Ile ya rota moja, yenye mapanga yanayobadilishwa pembe, hustahimili upepo, na katika mwinuko wetu wa takriban mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani, pembe huongezwa ili kufidia. Hata hivyo, kabla ya kuirusha ni lazima kusawazisha uzito wa mapanga na kuthibitisha kwamba jairo (kihisi kinachozuia chombo kujizungusha) inasahihisha mkia upande unaostahili. Ikikosea, chombo kitazunguka kama pia hadi kianguke juu ya mawe ya lava, ambayo hayana huruma. Mimi ningeanzia ukumbini.