Uzoefu wangu: shughuli za msimu wa majani kupukutika chuoni Wisconsin, Madison

Swali ni hili: kati ya shughuli zote za msimu huu chuoni Madison, Marekani, zipi zinafaa kwenda? Nianze na jibu, maelezo yatafuata. Ukija kusoma Madison, ukafika Agosti kama wengi wetu tunavyofika, basi Septemba, Oktoba na nusu ya Novemba utamwagiwa mialiko mpaka uchoke. Leo tamasha, kesho gwaride, keshokutwa filamu ya bure na pizza juu. Huwezi kwenda kote, na shughuli zenyewe hazilingani. Kwa nilivyoziona mimi, zinazofaa ni zile zinazokupa kazi ya mikono, au kitu cha kutazama ukiwa na watu. Zile za kuitwa "mje mfahamiane" tu, nyingi ni za kupita ukachukua kipande cha pizza ukaendelea na safari yako. (Uliza kwanza pizza ina nini juu. Sisi tusiokula nguruwe tumeshajifunza.)

Maonyesho ya vikundi vya wanafunzi huja mapema, Septemba, katika ukumbi wa Kohl Center ambako siku nyingine huchezwa mpira wa kikapu. Vikundi ni mamia, kila kimoja na meza yake: wa kupiga makasia, wa dini hii na ile, wa kujadili siasa, wa ngoma, wa Waafrika, wa watu wanaopenda mchezo ambao hujawahi kuusikia. Nenda, lakini tengeneza anwani ya barua pepe ya pembeni kwanza. Kila meza wataiomba, nawe kwa adabu za kwetu utashindwa kukataa, na mpaka Krismasi sanduku lako litakuwa limefurika matangazo ya klabu ya kupanda miamba. Saa moja inatosha. Vikundi viwili vya kujiunga vinatosha pia.

Baada ya hapo ni Terrace. Huu ni uwanja wa wazi nyuma ya Memorial Union, jengo la wanafunzi lililofunguliwa mwaka 1928, unaoshuka kwa ngazi hadi kwenye maji ya Ziwa Mendota. Viti vyake vya chuma vina mgongo uliochorwa jua linalochomoza, na rangi zake ni kijani, njano na chungwa. Vinajulikana mji mzima, na watu huviweka hadi kwenye fulana na vikombe vya kahawa. Huhitaji tiketi wala kadi. Unakaa. Bia inauzwa hapo na wengi wanakunywa, ila sijaona mtu akimsumbua mwenziwe kwa kutokunywa. Mimi hukaa na aiskrimu ya Babcock, inayotengenezwa na kiwanda cha maziwa cha chuo chenyewe, na dunia inakwenda. Soseji za bratwurst ni sifa ya jimbo hili, lakini kawaida ni za nguruwe, kwa hiyo harufu yake tu ndiyo fungu langu. Jioni za Septemba kuna muziki, mashua za tanga zinarudi, watoto wanakimbizana. Naupa nyota zote tano, na ningeupa ya sita kama viti vile visingeondolewa baridi ikianza. Vinaondolewa kweli, vinakwenda stoo hadi majira ya machipuo, na ukipita pale Novemba utadhani umekosea njia.

Futiboli ya Kimarekani sasa. Nitasema ukweli wangu na wenyeji wanisamehe.

Camp Randall ni uwanja wa chuo, na jina lake linatokana na kambi ya kufundishia askari wa upande wa Kaskazini wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Uwanja wenyewe ulianza kutumika mwaka 1917, na siku ya mechi hukaa watu zaidi ya 75,000. Tafakari hilo wewe uliyezoea kusukumana mlangoni kwa Simba na Yanga: Uwanja wa Benjamin Mkapa, fahari yetu ya taifa, hubeba 60,000. Hapa wanajaa zaidi ya hao kutazama timu ya wanafunzi. Mji wote unavaa nyekundu tangu asubuhi, watu wanachoma nyama kwenye maegesho ya magari saa moja asubuhi kwa mechi ya saa tano, na wewe usiyejua lolote unaitwa kwenye majiko ya watu usiowajua upewe kiti. Sehemu hiyo ya nje ya uwanja niliipenda kuliko ya ndani.

Ndani, mchezo unasimama kila mara kama daladala inayotafuta abiria. Robo nne za dakika 15 zinachukua zaidi ya saa tatu. Nilikuwa na dada mmoja wa Kinaijeria, yeye anaujua, akawa ananieleza kwa subira, nami nikawa naitikia. Lakini robo ya tatu ikiisha, kabla ya ya nne, ndipo utaelewa watu wanafuata nini. Tangu mwaka 1998 wana desturi: unapigwa wimbo mmoja, na jukwaa lote la wanafunzi linaruka kwa pamoja. Zege linatikisika chini ya miguu. Nilishika chuma kilichokuwa mbele yangu, kikawa kinatetemeka kiganjani, na yule dada ananipigia kelele, "Ruka, mama, ruka!" Nikaruka. Mchezo ukiisha usikimbilie mlangoni, kwa sababu bendi ya matarumbeta inabaki uwanjani na kupiga kivyake, inacheza, inalala chini, inafanya vituko, na hiyo wanaiita robo ya tano. Waliokulia Tanga au Dar, wanaojua matarumbeta ya harusi, watakaa mpaka mwisho.

Thamani yake? Kwa mwanafunzi mwenye tiketi ya wanafunzi, nenda mara moja kwa ajili ya kuruka. Kununua tiketi ya mgeni kwa bei kamili, mimi nisingenunua. Ukikosa, gwaride la homecoming (sherehe ya kuwakaribisha tena wahitimu wa zamani) ni Ijumaa jioni katika Mtaa wa State, bure, bendi ni ileile, na watoto wanaokota pipi.

Kuna na mchezo wa heroe. Tarehe 4 Septemba 1979, siku ya kwanza ya masomo, wanafunzi waliamka wakakuta heroe 1,008 wa plastiki, wa waridi, wamesimikwa kwenye nyasi za kilima cha Bascom. Ulikuwa utani wa chama cha wanafunzi waliokuwa wameshika serikali ya wanafunzi kwa kuahidi upuuzi. Mwaka 2009 jiji la Madison likamtangaza heroe wa plastiki kuwa ndege wake rasmi, na siku hizi chuo huwatumia kuchangisha: msimu huu ukifika, kila mchango unaleta heroe mmoja zaidi kilimani. Mimi natoka nchi yenye Ziwa Natron, ambako heroe wa kweli huzaliana kwa maelfu kwa maelfu, kwa hiyo nilitazama plastiki ile kwa macho ya mwenye mali. Piga picha, panda kilima, nenda darasani.

Kinachonifurahisha bila kelele ni darubini ya Washburn. Ni jengo dogo lenye kuba, juu ya kilima kinachotazama ziwa, la tangu karne ya 19, na jina ni la gavana aliyelitolea fedha. Jumatano ya kwanza na ya tatu ya mwezi, mbingu zikiwa safi, wanafungua usiku kwa yeyote, bila malipo wala kujiandikisha. Mnapanga foleni kwenye chumba cha giza, kuna ubaridi kwa sababu paa liko wazi, mnapanda ngazi mmoja mmoja. Zamu yangu ilikuwa Zohali. Nimeiona kwenye vitabu tangu darasa la tano, lakini kuikuta pale, ndogo kama punje, nyeupe, na pete yake imeinama kidogo, nilirudi kupanga foleni upya. Mtoto aliyekuwa nyuma yangu aliuliza kama ni kibandiko. Swali halali. Kasoro yake ni mawingu. Kukiwa na mawingu hawafungui, kwa hiyo angalia tangazo kabla ya kupanda kile kilima na upepo wa ziwa unakukata masikio.

Sasa nije kwenye Arboretum, ambayo wanafunzi wengi wanamaliza shahada bila kukanyaga, na mimi ndiyo ningeanza nayo.

Ni eneo la chuo la ekari 1,200 kusini mwa mji: misitu, vinamasi na mbuga za nyasi. Lilizinduliwa mwaka 1934, na Aldo Leopold, msomi wa wanyamapori, alikuwa miongoni mwa waliolianzisha. Mbuga inayoitwa Curtis ilikuwa shamba lililochoka. Miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, vijana waliokosa ajira waliowekwa kambini na serikali walianza kulipanda upya nyasi na maua ya asili, na inahesabiwa kuwa mbuga kongwe zaidi duniani kati ya zilizorudishwa kwa mikono ya watu. Mbuga za namna hiyo zilienea sana huku kabla ya jembe. Leo zimebaki vipande vipande.

Msimu huu wanatafuta watu wa kujitolea kuvuna mbegu. Hakuna ujuzi unaohitajika. Unapewa glavu, mkasi wa bustani na ndoo ndogo ya kufunga kiunoni kwa kamba ili mikono yote miwili iwe huru. Mwongozaji anakuonyesha mmea mmoja au miwili ya siku hiyo, na mnatawanyika ndani ya nyasi zinazokupita kimo. Ukisimama humuoni mwenzako, unasikia tu mkasi wake na kikohozi. Unakata kichwa cha ua lililokauka, unalikung'uta kidogo. Kama ni tayari mbegu zinaachia zenyewe, kama zinashikilia unaliacha. Hamvuni zote, sehemu inabaki kwa ndege na kwa ardhi. Mwishoni mnamimina kwenye mifuko ya karatasi, maana plastiki inashika unyevu na mbegu zinaoza, na mfuko unaandikwa jina la mmea na mahali ulipovunwa. Nyingi za mbegu hizi haziwezi kuota mpaka zipigwe na baridi kwanza, kwa hiyo hupandwa kabla ya theluji ziachwe hapo hadi machipuo.

Nilipangwa na bibi mmoja, mwalimu mstaafu, amefanya kazi hii miaka na miaka. Hakuniuliza natoka wapi mpaka ndoo zilipojaa nusu. Alinionyesha mmea mmoja mrefu wenye majani mapana yaliyochanika chanika, wanaouita mmea wa dira, kwa sababu majani yake husimama yakielekea kaskazini na kusini ili yasiunguzwe na jua la mchana. Mzizi wake huweza kushuka mita 4 na zaidi. Nikamwambia, mmea huo kwangu ungefaa kutafutia kibla. Ikabidi nimweleze kibla ni nini, na kwamba kutoka Madison tunaelekea kaskazini mashariki, akaupima mmea kwa mkono, akaelekeza kidole juu ya nyasi, "Basi ni kule, kwenye ule mwaloni." Ilikuwa kweli, takriban. Kisha yeye akanieleza namna wanavyoichoma mbuga kwa mpango ili miti isiivamie, nami nikawa na mengi ya kusema kuhusu moto na nyasi za kwetu, na asubuhi ikaisha hivyo. Kwenye hafla za kufahamiana, zile za kubandika jina kifuani, sijawahi kupata mazungumzo ya robo ya hayo.

Tahadhari mbili. Basi halikufikishi hadi mlangoni pa kituo cha wageni, kwa hiyo utatembea kipande kizuri, au uombe lifti, au uende na baiskeli. Na kuna kupe. Kupe wa kulungu hapa hubeba ugonjwa wa Lyme, na hata Oktoba wapo. Chomeka suruali ndani ya soksi, usijali unavyoonekana, na ukirudi nyumbani jikague kabla ya kukaa kwenye kochi. Wenyeji wote hufanya hivyo, hata wale wanaojifanya hawaogopi.

Jumamosi isiyo na mbegu, kuna gulio la wakulima kuzunguka jengo la serikali ya jimbo, mwendo wa Mtaa wa State ukitokea chuoni, tangu mwaka 1972. Anayeuza ni lazima awe amelima au ametengeneza mwenyewe. Watu wote huzunguka upande mmoja, kinyume cha saa, ukienda tofauti utapigana vikumbo na mikokoteni ya watoto. Nunua vipande vya jibini mbichi vinavyolia mdomoni ukitafuna, na kwa wakulima wa Kihmong, watu wenye asili ya Asia ya kusini mashariki, utapata mchaichai na pilipili za kweli. Gulio la nje linaendelea hadi Novemba.

Kwa wadogo zangu mnaojiandaa kuja: saa hurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, na kuanzia hapo jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo yote ya nje yafanyeni Septemba na Oktoba, hata kama masomo yanabana; filamu za bure na mambo ya ndani yatawasubiri hadi Machi. Viatu vya mbugani viwe vya zamani. Jaketi nzito msinunue nyumbani, zile za Kariakoo haziiwezi baridi hii, na maduka ya mitumba ya hapa yanazo nzuri kwa bei ya chakula cha mchana.