Uzoefu wangu na seti za DVD za anime za bei nafuu, kwa wapenzi wa dabu ya Kiingereza walio Nairobi

Kwa anayefuata dabu ya Kiingereza, yaani sauti za Kiingereza zilizowekwa mahali pa zile za Kijapani, seti za DVD za anime (katuni za Kijapani) za bei nafuu kutoka Marekani nazipa alama ya juu kuliko chochote kinachouzwa mjini hapa, ila ujue unacholipia. Hulipii boksi la kupamba rafu. Mara nyingi ndani ya kasha mna diski zilezile za toleo la kwanza, dabu ileile na menyu zilezile. Kilichoondolewa ni boksi la karatasi ngumu, kijitabu na vizawadi. Nazungumzia hasa seti za kampuni ya Funimation zilizoitwa S.A.V.E., zile zenye kijani kwenye kava, na watangulizi wao: Viridian Collection ya Funimation wenyewe, Anime Legends ya kampuni ya Bandai na makasha membamba ya kampuni ya ADV.

Hesabu ya kawaida ni vipindi 26 kwenye diski nne, au vipindi 13 kwenye diski mbili. Bei ya orodha ya S.A.V.E. ilikuwa kati ya dola 20 na 30 hivi kwa seti nzima, na wakati wa punguzo ilishuka zaidi. Leo nyingi ni za mkono wa pili au masalio ya stoo. ADV ilifungwa mwaka 2009, Bandai ya Marekani ikaacha kutoa matoleo mapya mwaka 2012, na Funimation imemezwa na Crunchyroll, huduma ya kutazama anime mtandaoni, baada ya Sony kuinunua Crunchyroll mwaka 2021. Ukiiona seti unayoitafuta kwa bei ya haki, ichukue. Usitegemee kwamba itachapishwa tena.

Kuna watakaouliza kwa nini mtu asumbuke na diski wakati kuna intaneti. Jibu langu ni tarehe 2 Aprili 2024. Siku hiyo programu ya Funimation ilizimwa, na nakala za kidijitali ambazo watu walizipata kwa namba zilizokuja ndani ya makasha yao zikapotea nayo. Diski zenyewe hazikuguswa. Tena dabu hufuata leseni, na leseni ikihama dabu inaweza kuachwa nyuma. Neon Genesis Evangelion ilipoingia Netflix mwaka 2019 ilirekodiwa upya na waigizaji wengine, hivyo anayemtaka Shinji, mhusika mkuu, kwa sauti ya Spike Spencer wa dabu ya kwanza atafute DVD za ADV. Sailor Moon nayo ina dabu ya miaka ya 1990 iliyokatwakatwa na dabu mpya ya kampuni ya Viz iliyoanza 2014. Ukinunua kwa kutazama jina la juu tu, unaweza kuletewa sauti ambazo hukuzitaka.

Dragon Ball Z ndiyo mtego mkubwa kuliko yote, na wengi huanza nayo. Seti za misimu tisa zenye makasha ya rangi ya chungwa, zilizoanza kutoka mwaka 2007, ni rahisi kupatikana na zina vipindi vyote 291. Kwa sauti sina lawama. Unachagua Kiingereza chenye muziki wa Marekani, Kiingereza chenye muziki wa Kijapani, au Kijapani chenyewe. Tatizo ni picha. Katuni iliyochorwa kwa upana wa 4:3 ilikatwa juu na chini ijaze televisheni pana, kwa hiyo vichwa vinakosa nywele na miguu inaishia magotini. Anayejali mchoro atafute Dragon Box, mikusanyo saba yenye picha kamili, ingawa hiyo imeshatoka kwenye kundi la bei nafuu. Anayejali sauti tu, za chungwa zinamtosha.

Sasa deki. DVD hufungwa kwa maeneo ya dunia, na deki ya eneo moja hukataa diski ya eneo jingine. Diski ya Marekani ni ya eneo 1. Kenya iko eneo 5, Uingereza na Afrika Kusini eneo 2. Deki nyingi za bei ya chini zinazouzwa Luthuli Avenue husoma maeneo yote, lakini usikubali neno la muuzaji. Beba diski ya eneo 1 mkononi, ijaribiwe kabla ya kutoa pesa. Deki za majina makubwa ndizo hukataa mara nyingi. Baadhi hufunguliwa kwa rimoti, kwa namba fulani zinazobonyezwa trei ikiwa wazi au menyu ya mipangilio ikiwa imefunguliwa. Namba hizo hutofautiana kwa kila modeli, kwa hiyo tafuta modeli kamili iliyoandikwa nyuma ya deki, siyo jina la kampuni tu. Kwenye kompyuta, kiendeshi cha DVD hukuruhusu kubadilisha eneo mara tano pekee, na baada ya hapo hubaki palepale. Ukiulizwa kama unataka kubadilisha, kataa, kisha fungua diski kwa programu ya VLC. Mara nyingi itacheza bila kugusa hesabu hiyo.

Jambo la pili ni mfumo wa rangi. Diski za Marekani ni NTSC, televisheni zetu za zamani ni PAL. Picha ikitoka nyeusi na nyeupe, au ikipanda juu bila kutulia, diski haina ubaya. Ingia kwenye mipangilio ya deki, aina ya televisheni, uweke AUTO. Upande wa televisheni nao mfumo wa rangi uwe AUTO. Usiilazimishe deki itoe PAL kutoka diski ya NTSC, maana kamera inapopita juu ya mandhari picha itakwenda kwa kurukaruka. Televisheni bapa za sasa hupokea yote mawili bila ugomvi.

Wapo wanaopendelea diski za Uingereza kwa sababu nazo ni PAL. Mimi sizichukui nikiwa na chaguo. Filamu ya fremu 24 kwa sekunde ikiwekwa kwenye PAL ya fremu 25 huongezwa kasi karibu asilimia 4. Kipindi cha dakika 24 kinaisha kwa 23, na sauti hupanda kidogo isiporekebishwa. Anayesoma maandishi ya chini hatagundua. Anayemjua mwigizaji wa dabu Steve Blum kwa besi yake atagundua mapema. Nyingine hazikuongezwa kasi bali zilibadilishwa mfumo kwa kuchanganya fremu, na hizo huacha kivuli nyuma ya kila mkono unaosogea.

Halafu kuna lalamiko ambalo nadhani ndilo husikika zaidi: muziki unapasua masikio lakini watu wanaongea kama wako chumba cha pili. Dabu nyingi za Funimation ziko kwenye mkondo wa 5.1, yaani sauti iliyogawanywa kwa spika sita, wakati Kijapani kiko kwenye stereo ya spika mbili. Katika 5.1 maneno karibu yote yamewekwa kwenye spika ya katikati. Deki yako ikiwa na matundu sita ya sauti nawe umechomeka waya mwekundu na mweupe tu, spika ya katikati haina pa kutokea. Mipangilio ya spika ina kipengele cha kuunganisha sauti za spika zote ziwe mbili, kiitwacho downmix. Kiweke STEREO, na maneno yatarudi. Yakibaki madogo bado, tafuta kipengele cha DRC ukipandishe. Hicho hupunguza tofauti kati ya mlipuko na mnong'ono. Sijaona fundi anayekitaja, na kina faida kuliko spika mpya.

Kwenye maandishi, seti nzuri huwa na mikondo miwili: mmoja wa mazungumzo yote, mwingine wa mabango na nyimbo tu. Ukisikiliza dabu chagua huo wa pili. Baadhi ya deki hukumbuka chaguo la mwisho na kukuletea maandishi yote juu ya Kiingereza, nayo hayatalingana na unachosikia, kwa kuwa yametafsiriwa kutoka Kijapani wakati dabu imeandikwa upya ili ilingane na midomo. Diski haina kosa hapo.

Na si kila seti ya bei nafuu ina dabu. Kampuni ya NIS America walitoa anime nyingi zenye Kijapani na maandishi tu, na kampuni ya Sentai vilevile hasa miaka yao ya mwanzo baada ya 2008. Geuza kasha usome mstari wa sauti upande wa nyuma. Ukikuta Japanese peke yake, rudisha. Usiishie kwenye neno Complete lililo mbele, maana hilo linahusu idadi ya vipindi. Kampuni ya Discotek nao hutoa hadithi ndefu za zamani kwa bei nzuri, lakini siku hizi nyingi ziko kwenye diski za Blu-ray zenye picha ya ubora wa kawaida. Deki ya DVD haizisomi, na ya Blu-ray ya hapa ni eneo B wakati nyingi za Marekani ni eneo A.

Ubora wa dabu zenyewe hutegemea mji. Funimation walirekodi Texas upande wa Dallas, ADV na baadaye Sentai wakawa Houston, studio ya Bang Zoom! iko upande wa Los Angeles. Kila mji una waigizaji wake, kwa hiyo ukinunua seti tano za Funimation utazikuta sauti zilezile zimehama kutoka shujaa hadi mwalimu wa shule. Wengine inawachosha. Mimi napenda, hasa kwenye vichekesho, ambako waandishi wa Texas walijipa uhuru mkubwa na lafudhi ya Osaka ikageuzwa ya watu wa kusini mwa Marekani. Tangu 2014 dabu zilianza kutoka wiki chache tu baada ya Japani, na haraka hiyo husikika. Mara nyingine mistari hurekodiwa tena kabla ya diski, na ndiyo maana toleo la diski huwa safi zaidi.

Sasa zile kopi zisizo halali. Mjini utaonyeshwa boksi moja lenye hadithi nzima, limeandikwa maeneo yote, lina maandishi ya Kichina na Kimalay, na muuzaji anaapa kuwa Kiingereza kimo. Piga hesabu. Diski halisi ya tabaka mbili hubeba GB 8.5. Vipindi saba vya dakika 24 vinapata karibu megabiti 6.7 kwa sekunde. Diski ya tabaka moja ya GB 4.7 iliyobanwa vipindi 13 inabaki na megabiti 2. Kwa MPEG-2, mfumo wa kubana video unaotumiwa na DVD, hiyo ni njaa: kwenye mazungumzo picha inavumilika, upanga ukichomolewa tu inavunjika vipande vya mraba. Za kuchomwa dukani ni afadhali kwa bei, lakini kwa kawaida huwa na mkondo mmoja wa sauti na maandishi yaliyogandishwa kwenye picha. Kama lengo lako ni dabu, hapo hakuna cha kuchagua.

Kuagiza ndiko pesa huliwa. Kasha la diski nne lina uzito wa karibu gramu 200, hivyo seti kumi ni kilo mbili. Lakini mawakala wengi wa ndege huangalia pia ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5000. Seti kumi zilizopangwa vizuri hazifiki kilo moja na nusu kwa hesabu hiyo. Muuzaji akizitupa ndani ya katoni ya 40 kwa 30 kwa 30 iliyojaa mifuko ya hewa, unalipia kilo 7.2. Mwombe wakala wa kule azifungashe upya. Usipotumia bei ya jumla ya wakala yenye kodi ndani yake, kumbuka ushuru wa KRA hupigwa juu ya bei ya bidhaa pamoja na bima na usafiri, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya hapo, pamoja na ada nyinginezo za uagizaji. Yaani usafiri ghali unaulipia mara mbili. Haya ni ya matumizi ya nyumbani. Ukitaka kuziuza au kuzionyesha hadharani, KFCB (bodi ya filamu) na KECOBO (bodi ya hakimiliki) wana masharti yao.

Mzigo ukifika, kinachovunjika kwanza ni meno ya katikati yanayoshika diski kwenye makasha mazito. Diski iliyolegea imesafiri ikijikwaruza. Usijaribu kipindi cha kwanza peke yake, kwani huanzia karibu na katikati ya diski, mahali salama. Diski ya tabaka mbili husomwa kutoka ndani hadi ukingoni, kisha tabaka la pili hurudi ndani, kwa hiyo alama za vidole na mikwaruzo ya ukingoni hujitokeza kwenye kipindi cha tatu, cha nne au cha tano. Nenda huko moja kwa moja. Kusimama kwa nusu sekunde mara moja ni tabaka linabadilika, ni kawaida. Ikikwama na kurudi nyuma, ni uchafu au mkwaruzo. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, kamwe usizungushe, maana mkwaruzo unaofuata njia ya data ndio unaoishinda lenzi. Isipopona, jaribu deki nyingine kabla ya kumwandikia muuzaji, kwa kuwa lenzi iliyochoka hukwama kwenye tabaka la pili kabla ya la kwanza. Kama deki mbili zinakwama mahali pamoja, piga picha ya dakika hiyo kwenye skrini pamoja na upande wa chini wa diski, uzitume kabla muda wa kurudisha haujaisha. Na muda huo wauzaji wengi huuhesabu tangu mzigo ulipofika kwa wakala kule Marekani, si ulipokufikia hapa.