Krita kwa kupaka rangi wahusika: uzoefu wangu na mama vitumbua

Krita ndiyo programu ya kuchora ninayofanyia kazi za kulipwa, hasa wahusika wa vitabu vya watoto. Kazi yangu ya karibuni ni mama muuza vitumbua anayekaanga alfajiri, huku mkaa unawaka chini ya chuma, mbingu bado ya buluu. Nitaipima programu kwa mchoro huo huo, maana kumsomea mtu orodha ya vitufe hakumwambii kama ataweza kukabidhi kazi kwa mteja.

Kwa asiyeijua, inatengenezwa na KDE, jumuiya ya watengenezaji wa programu huria, pamoja na Krita Foundation ya Uholanzi. Ukiichukua kwenye tovuti yao ni bure kabisa, hakuna muda wa majaribio wala nembo inayobandikwa juu ya kazi yako. Ipo pia Steam kwa kulipia, na hapo unakuwa umewachangia watengenezaji. Inaendeshwa kwenye Windows, Linux, macOS na tableti za Android. Ukishaiweka haikudai akaunti wala intaneti, na sisi tunaohesabu bando tunajua thamani ya hilo.

Mistari sina mengi ya kusema. Natumia tableti ya kuchorea isiyo na skrini, ya bei ya chini, na Stabilizer inatuliza mkono vya kutosha. Herufi M inageuza ukurasa kama kioo. Mtu aliyeinama juu ya jiko lazima umgeuze mara kwa mara, la sivyo mgongo unakudanganya.

Rangi za awali ndipo Krita inapookoa muda. Kuna kitu kinaitwa Colorize Mask: unakiweka juu ya leya (tabaka la mchoro) ya mistari, unapitisha mkwaruzo mmoja wa kahawia usoni, mwekundu kwenye kanga, kijivu kwenye chuma cha vitumbua, kisha unabonyeza Update na programu inajaza yenyewe mpaka kwenye mistari. Hata mstari ukiwa na mwanya mdogo, rangi kwa kawaida haimwagiki nje. Nikimaliza naigeuza kuwa leya ya kawaida, halafu amri ya Split Layer inatenganisha kila rangi na leya yake.

Anayetoka programu nyingine aangalie jambo moja hapo. Alama ya alfa iliyo pembeni ya leya, yaani Inherit Alpha, inabana rangi isitoke nje ya umbo, lakini inafuata leya zote zilizo chini yake ndani ya kundi. Kwa hiyo ngozi na vivuli vyake viwe na kundi lao, kanga kundi lake. Ukiviacha vyote pamoja, kivuli cha mkono kitapaka mpaka sufuria.

Ngozi programu haikusaidii, na isitegemewe. Mafunzo mengi ya video niliyotazama yanaanza na ngozi nyeupe, kisha ngozi nyeusi inatajwa mwishoni kana kwamba ni ileile iliyozimiwa taa. Matokeo yake watu wanatia kijivu au nyeusi kwenye leya ya Multiply, inayotia giza vilivyo chini yake, na uso unakuwa na rangi ya majivu. Mimi kivuli cha mama huyu nimekitia damu ya mzee iliyokaribia zambarau, na pale mwanga unapokutana na kivuli nikapitisha wekundu kidogo, mwembamba, ndio unaoifanya ngozi ionekane hai. Kwenye paji la uso na juu ya shavu kuna buluu hafifu ya mbingu. Chini ya kidevu na ndani ya mikono kuna rangi ya moto, kwenye leya ya Screen, inayoongeza mwanga, kwa brashi laini. Nilijaribu Color Dodge, inayoongeza mwanga kwa ukali zaidi, ikaunguza. Weusi wa ngozi unapokea mwanga kwa ukali, kwa hiyo mng'ao mdogo mahali sahihi unatosha.

Kanga nayo ilinipa raha ya pekee. Pindo lina korosho zinazojirudia, na kuzichora moja moja ni adhabu. Unafungua faili dogo pembeni, unabonyeza W, na ukurasa unajizungusha: mstari unaotokea kulia unaingia kushoto, wa juu unarudi chini. Unachora korosho chache, tayari una pindo lisilo na kiungo. Mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, nilichora kwa mkono, ua moja kubwa. Kisha nikalaza kitambaa chote juu ya mwili kwa Transform, upande wa Mesh, nikivuta vipande kufuata nyonga na goti. Usiishie hapo: kwenye mikunjo mikubwa kata ua kabisa, sehemu yake ipotee ndani ya mkunjo. Ua likionekana zima kila mahali, kanga inakuwa karatasi iliyobandikwa.

Jina la kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, ndilo lililonisumbua. Katika toleo la 5.2 ninalotumia, maandishi yanahaririwa kwenye dirisha la pembeni, si juu ya mchoro, na kuyakunja yafuate nguo inabidi kwanza uyageuze kuwa leya ya rangi. Nikaandika herufi kubwa kwa mkono, ikawa bora zaidi, lakini msanii wa katuni mwenye maneno mengi atachoka.

Uzito pia uujue. Ukurasa wa A4 kwa dpi 300 (nukta kwa inchi) ni pikseli 2480 kwa 3508, na leya moja iliyojaa inakula karibu MB 35 za RAM. Zidisha kwa leya za ngozi, nguo, moshi na mwanga. Laptopu yangu ya GB 8 inavumilia. Transform Mask, zile zinazobadili umbo la leya bila kuiharibu, zikiwa nyingi inaanza kuhema.

Kabla ya kupeleka kwa mchapishaji, bonyeza Ctrl+Y uone rangi zitakavyokuwa kwenye CMYK, yaani wino wa uchapishaji. Chungwa la moto lilififia mbele ya macho yangu, buluu ya alfajiri nayo ikawa nzito. Badala ya kupigania chungwa, nilizidisha giza la ukuta nyuma ya jiko, moto ukaonekana tena, nikahifadhi TIFF na kuituma.