Sony SS-CS3 katika sebule ya Kampala: spika zenyewe hazina shida, kazi iko kwenye chumba

Ukiingia maduka ya vifaa vya umeme katikati ya Kampala kutafuta spika ndefu za kusimama, muuzaji ataanza na wati. Utaonyeshwa maboksi yaliyoandikwa wati elfu kumi na mbili, na ndani yake mna spika ya kubebwa kwa mkono mmoja. Sony SS-CS3 imeandikwa wati 145 tu, tena hicho ni kiwango cha juu kabisa, basi wengi huipita wakidhani ni dhaifu. Sivyo.

Namba ya kutazama ni desibeli 88, yaani unyeti wa spika. Ukiipa volti 2.83, ambazo kwa spika ya omu 6 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ni kama wati moja na theluthi, mtu aliyesimama mita moja mbele yake anapata desibeli 88. Wati zikiongezeka maradufu, sauti hupanda desibeli 3. Umbali ukiongezeka maradufu, hushuka desibeli 6, na ndani ya nyumba hushuka kidogo kuliko hapo kwa sababu kuta huirudisha. Kwa hesabu hiyo ampu, yaani kifaa kinachozipa spika nguvu, yenye wati 50 safi kila upande itamfikishia aliyekaa mita 3 karibu desibeli 94 kutoka spika moja. Majirani watajua unatazama nini.

Ndani ya kila mnara mna wufa mbili (za sauti za chini) za milimita 130, twita (ya sauti za juu) ya milimita 25 na twita ndogo zaidi ya milimita 19. Kimo ni sentimita 92, uzito kilo 11 na nusu hivi. Sony wanasema inaanzia hezi 45, yaani mitetemo 45 kwa sekunde, hadi hezi 50,000. Hiyo namba ya pili isikusumbue, sikio la binadamu linaishia hezi 20,000, na la mtu mzima chini ya hapo. Ya kwanza ndiyo ya kupima. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi unalia hezi 41, kwa hiyo rumba, zouk na kadongo kamu zinatoka karibu kamili, na gitaa la solo linasikika uzi kwa uzi. Sauti ya mtu inatoka wazi bila kuzibwa puani. Lakini mlipuko wa filamu unashuka hadi hezi 30 na chini yake, na hapo spika hizi hazifiki. Anayetaka sinema atahitaji sabufa, spika ya besi nzito tu, na hakuna ujanja wa kuikwepa.

Sasa chumba. Sebule nyingi za Kampala, Jinja au Mbarara zimejengwa kwa matofali na plasta, chini vigae, madirisha mapana ya vioo, juu jipsamu au mbao. Kila upande ni mgumu. Simama katikati, piga kofi moja kubwa. Ukisikia mlio wa "trrr" unaofuata, hizo ni kuta mbili zinazorushiana sauti, na mlio huohuo utakuwa juu ya kila neno la mtangazaji wa mpira. Kwenye chumba cha namna hiyo twita za SS-CS3 zitaonekana kali, na mwenye nyumba atalaumu spika.

Kosa kubwa zaidi ni mahali zinapowekwa. Desturi ni kuzisukuma kwenye kona mbili, kila moja ikibanwa kati ya ukuta na kabati la televisheni. Tundu la hewa la spika hizi liko nyuma. Likiegemezwa ukutani, na kona ikaongeza nguvu zake, besi inavimba: ngoma zote zinatoa sauti moja, "bum", na maneno ya mwimbaji yanazama humo. Watu wengi wanaipenda besi hiyo kwa dakika kumi za mwanzo, kisha kichwa kinaanza kuuma.

Chukua sebule ya mita 4 kwa 5, spika zikiwa kwenye ukuta wa mita 4. Anza hivi. Mgongo wa spika uwe sentimita 40 kutoka ukuta wa nyuma. Katikati ya kila spika pawe sentimita 80 kutoka ukuta wa pembeni, ili kati ya spika na spika ibaki mita 2.4. Usifanye umbali wa nyuma na wa pembeni kuwa sawa. Sauti inayogonga ukuta wa nyuma na kurudi hufuta baadhi ya sauti za hezi fulani na kuacha shimo. Uso wa spika ukiwa sentimita 66 kutoka ukutani (zile 40 pamoja na kina cha sanduku), shimo hilo linaangukia karibu na hezi 130, mle mle kwenye sauti ya mwanamume. Umbali wa pembeni ukilingana na huo, mashimo mawili yanaangukia mahali pamoja na sauti inakuwa nyembamba. Ukisikia unyembamba huo hata hivyo, sogeza spika sentimita 5 mbele au nyuma, sikiliza tena, na uweke alama kwa utepe wa karatasi wenye gundi kwenye vigae kabla ya kusogeza mara nyingine. Bila alama utazunguka jioni nzima na usijue ulikuwa wapi.

Kiti nacho kina kazi. Chumba cha mita 5 kina wimbi lake linalosimama kwenye hezi 34, cha mita 4 kwenye hezi 43. Aliyekaa kochi likigusa ukuta wa nyuma anasikia besi mara mbili ya ilivyo. Aliyekaa katikati kabisa ya chumba hasikii ile ya chini kabisa. Weka kichwa cha msikilizaji mita 3.1 hadi 3.3 kutoka ukuta wenye televisheni. Hapo yeye na spika mbili wanafanya karibu pembetatu, kila spika ikiwa nyuzi 25 hivi kutoka mstari wa katikati, ndani ya nyuzi 22 hadi 30 zinazopendekezwa kwa spika za mbele za sinema. Najua kochi la mwenye nyumba halitoki ukutani kirahisi, kwa kuwa nyuma yake nafasi inaonekana kupotea. Basi litoke japo sentimita 50. Mabadiliko ya besi ni makubwa kuliko ya kununua ampu mpya.

Kisha geuza spika kidogo zielekee ndani, mistari yake ikutane kama nusu mita nyuma ya kichwa. Zikikutazama usoni moja kwa moja na sauti ikachoma, zifungue kidogo. Na kwa kuwa twita ziko chini ya sikio la mtu aliyekaa wima, inua mbele ya kila spika kwa sentimita 1. Kina cha sanduku ni sentimita 26, hivyo sentimita hiyo moja inapandisha mwelekeo karibu sentimita 11 ukifika kwenye kiti. Usitumie misumari ya miguu juu ya vigae; itateleza au kukwaruza. Vipande vya mpira mgumu vinatosha. Nyumba yenye watoto wadogo, funga kila mnara kwa skrubu juu ya ubao mzito wa sentimita 35 kwa 40, kwa maana sanduku refu na jembamba la kilo 11 huangushwa na mtoto wa miaka miwili anayejivuta asimame.

Kuta zisitiriwe kwa busara. Zulia nene la mita 2 kwa 3 kati ya spika na kochi ndilo la kwanza. Mkeka hautoshi, ni mwembamba mno. Mapazia yawe mazito, na upana wa kitambaa uwe mara mbili ya dirisha ili mikunjo ibaki hata yakifungwa. Kwa kuta za pembeni, kaa kwenye kiti, mwambie mtu apitishe kioo ukutani polepole: unapoiona twita kwenye kioo, hapo ndipo sauti inapogonga kabla ya kukufikia. Weka hapo fremu ya mbao ya sentimita 120 kwa 60, ndani yake sufi ya mawe (rockwool) au sponji laini ya sentimita 10, nyuma yake uache hewa sentimita 5. Kitambaa cha kufunikia kiwe kinachopitisha pumzi. Kipulize kwa mdomo upande mmoja, kiganja upande wa pili kikihisi. Lubugo jembamba, kile kitambaa cha gome la mti, linafaa sana kwa kazi hii, na hakuna kitambaa cha dukani kitakachopendeza ukutani kama hilo. Trei za mayai acha sokoni. Ni karatasi nyepesi, zinanyonya kidogo sauti za juu tu, na mtetemo wa chini unazipita kama hazipo.

Mvua kwenye mabati ni jambo jingine. Pasipo dari zito, mvua kubwa ya Aprili inafunika mazungumzo ya filamu na hakuna spika itakayoishinda. Pandisha spika ya kati desibeli 3 na uwashe kwenye risiva (ampu ya sinema inayoendesha spika zote) ile hali ya usiku inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo. Spika ya kati inayolingana na hizi ni SS-CS8. Kuchanganya na ya kampuni nyingine kunawezekana, ila mhusika akitembea kutoka kushoto kwenda kulia sauti yake itabadilika njiani.

Kwenye risiva, zoezi la maikrofoni, ambapo risiva hupima spika na chumba yenyewe, lifanywe usiku mkimya, friji limezimwa na hakuna mvua, maikrofoni ikiwa juu ya stendi ya kamera ya miguu mitatu kwenye usawa wa masikio. Ukiiweka juu ya mgongo wa kochi, kochi ndilo linalopimwa. Zoezi likiisha, ingia mwenyewe kwenye menyu. Risiva nyingi huona mnara mrefu na kuuandika "Large". Kama una sabufa, badilisha uwe "Small" na ukate kwenye hezi 80, yaani besi ya chini ya hapo iende kwenye sabufa. Hapo wufa za milimita 130 zinapumzishwa kubeba besi nzito, na katikati ya sauti kunasafika papo hapo. Kama huna sabufa, acha "Large". Hakikisha pia risiva inakubali omu 6, imeandikwa nyuma karibu na matundu ya spika.

Nyaya zisikupotezee usingizi. Shaba ya milimita mraba 1.5 inatosha hadi mita 10. Zaidi ya hapo chukua 2.5. Ule waya mwembamba mwekundu na mweusi wa nusu milimita mraba, kwa mita 10, unakula zaidi ya asilimia kumi ya omu 6 kwa ukinzani wake. Kwangua uzi mmoja kwa wembe kabla ya kulipa: ukiwa mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, nunua unene wa ngazi moja juu. Unapofunga, chanya kwa chanya pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, besi inatoweka na sauti ya mwimbaji haikai katikati, inazagaa chumba kizima. Watu hudhani spika ni mbovu na kuzirudisha dukani kwa kosa hilo la dakika moja.

Umeme wetu ni volti 240 kwa hezi 50, na tangu Aprili 2025 usambazaji umetoka kampuni iitwayo Umeme kwenda UEDCL, kampuni ya serikali, lakini soketi ya nyumbani bado inahitaji ulinzi. Kifaa kinachokata umeme ukipanda na kuchelewa kuurudisha kinazuia ampu kuungua. Hakipandishi volti zilizoshuka jioni. Kwa hilo unahitaji stabilaiza. Risiva ya mtumba kutoka Marekani ni ya volti 120, ya Japani ni 100, na ikichomekwa moja kwa moja inaungua hapohapo. Soma kibandiko cha nyuma: kama kinasema wati 500, nunua transfoma ya kushusha ya VA 1,000. Mvumo wa chini usioisha, chomoa kwanza waya wa dishi kwenye king'amuzi. Ukinyamaza, umepata njia yake. Waya wa ethi kwenye plagi usikatwe kamwe ili kuuondoa.

Tundu la nyuma lifunikwe kwa kipande kimoja cha neti ya mbu, kivutwe kisilegee. Mende na mijusi hupenda kuingia humo. Usilizibe kwa sponji isipokuwa chumba ni kidogo na besi bado inavimba hata baada ya kusogeza.

Ukiziona za mtumba, bonyeza wufa taratibu kwa vidole vya mikono miwili, ukisukuma sawasawa. Ziende na kurudi bila kukwaruza. Mpira wa pembeni usiwe na ufa. Kisha weka multimita, ikiwa kwenye kipimo cha omu, kwenye vituo vya nyuma, waya za ampu zikiwa zimetolewa: spika ya omu 6 nzima husoma chini kidogo ya 6, mara nyingi 4 hadi 5. Ikisoma wazi kabisa, yaani umeme haupiti, koili imeungua au waya wa ndani umekatika. Mita hiyo haitakuambia lolote kuhusu twita, kwa sababu kapasita iliyo njiani inauzuia umeme wake. Hizo zipime kwa sikio: weka taarifa ya habari kwa sauti ndogo, sogeza sikio karibu na kila twita, usikilize herufi "s". Aliyeuza baada ya kulazimisha ampu dhaifu ipige kelele kwenye sherehe, mara nyingi twita ndizo zilizokufa kwanza, na wufa zikaendelea kulia kana kwamba hakuna kilichotokea.